Dawa ya Povu Iliyokwenda Matangani

Jiko langu lilikuwa limezimwa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu watu wakisoma maneno ya mtu kama mimi huchoka katikati, na sitaki mtu achoke kabla hajalijua. Siku ile stesheni ya petroli ilipoungua, pale kwenye barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, kabla hujafika Rangwe, mimi nilikuwa na beseni la samaki wabichi na jiko lililofunikwa majivu. Lakini kwa muda mrefu ukiuliza mtu yeyote kwenye barabara ile ni nani aliyechoma stesheni, anakujibu bila kufikiri: si ni yule mama wa samaki.

Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo naandika vile ninavyoongea. Majina sitataja. Wenye makosa watajijua, na wale watakaojifanya hawajijui wataonyeshwa na majirani zao.

Kibanda changu kilikuwa nyuma ya ukuta wa stesheni, upande wa chini, mahali mtaro wa maji unapotokea. Nilikuwa nakaanga samaki, ngege na mbuta, na siku za soko omena pia, yaani dagaa. Mwenye stesheni tulimwita Jaduong', yaani mzee, mtu mkubwa. Hakuwa mzee sana ila alikuwa mkubwa, hasa tumboni. Ukimwita kwa jina lake la ubatizo anageuka polepole kama ng'ombe aliyeitwa na mgeni. Ukisema Jaduong', anageuka mara moja na meno yote nje.

Kulikuwa na mtu wa pampu, mwanamume mtu mzima, baba wa watoto, ambaye alikuwa amefanya kazi pale tangu stesheni ina pampu moja ya kuzungusha kwa mkono. Sisi wawili tulikuwa na desturi yetu. Tanka la mafuta likija kushusha, kabla dereva hajafungua mfuniko wowote, mtu wa pampu anazunguka ukuta na kopo la majivu mkononi. Anasema, "Mama, tanka." Mimi natoa karai la mafuta, yeye anamwaga majivu juu ya makaa mpaka jiko linanyamaza. Halafu anachukua mkia wa samaki, kama ushuru, anaenda zake. Hatukufundishwa na mtu. Ni vile tu hakuna kati yetu aliyetaka kufa kwa ajili ya petroli ya mtu mwingine.

Sasa, dawa ya povu. Mkaguzi alikuja siku moja akamwambia Jaduong' kwamba stesheni yake haina kitu cha kuzima moto isipokuwa ndoo za mchanga ambazo kuku walikuwa wameshazigeuza viota. Akaagiza anunue povu. Mtu wa pampu ndiye aliyenieleza baadaye, akitafuna mkia wake. Petroli, alisema, haisikii maji. Ni nyepesi, inaelea juu yake. Ukiimwagia maji inapanda mgongoni mwake na kusafiri huku inawaka. Povu nalo linalala juu ya petroli kama blanketi, mvuke hautoki, hewa haiingii, moto unakosa cha kula. Nilimwambia hilo hata mimi nalijua, mtu yeyote aliyewahi kudondoshea maji kwenye karai la mafuta moto analijua, ana alama kifuani.

Basi Jaduong' akanunua. Vililetwa vitu vya maana: mtungi mkubwa wa magurudumu wenye bomba refu, umeshajazwa povu lake, na madumu ya dawa yenyewe ya kuchanganya na maji. Mtungi ulikuwa na kisaa chenye mshale. Mshale ukiwa kwenye kijani, mko salama. Mkaguzi akaangalia mshale, akafurahi, akanywa soda, akaondoka.

Na hayo yangebaki hivyo kama mama mkwe wa Jaduong' asingekufa.

Msiwe na haraka ya kumwonea huruma marehemu, aliishi miaka mingi na alikula vizuri. Mwenye kuhurumiwa ni mkwe wake. Kwetu mkwe haendi kwenye matanga ya mama mkwe kama mtu anayepeleka maziwa. Anaingia na msafara. Anaingia na ndume wa kuchinja, na watu wa kulia, na spika zinazosikika mpaka kijiji cha pili, ili upande wa mke waseme, kweli binti yetu aliolewa. Ukienda kinyonge utakumbushwa hiyo siku mpaka na wewe uzikwe. Na huyu wa kwetu mazishi yalikuwa upande wa Asumbi, kwa watu wanaojua kuangalia magari.

Sijui ni nani aliyemwonyesha kwamba dawa ya povu inaosha magari. Nadhani aligundua mwenyewe, alikuwa na akili sana kwa mambo ya kipumbavu. Nilimwona kwa macho yangu mawili amesimama mbele ya gari lake jeupe, dumu liko wazi, vijana wa kuosha wanapaka. Povu lilisimama juu ya boneti kama kofia ya askofu. Halikuwa linashuka.

"Mama samaki," akaniita, "umeona? Omo iko wapi hapo?"

"Jaduong', hiyo si ni ya moto?"

"Moto uko wapi?"

Nikarudi kwenye karai langu. Kweli moto haukuwepo.

Ile wiki ya matanga kila gari la ukoo wake lilipita pale. Wajomba, mashemeji, mwalimu mkuu fulani, mchungaji na matatu ya kanisa. Yote yalioshwa kwa dawa ya povu. Madumu yakaisha. Gari la mwisho lilipokuja likiwa na matope mpaka kwenye vioo, Jaduong' akasema wafungue mtungi. Wakaufungua, wakaumaliza. Halafu akamwambia mtu wa pampu aujaze maji ya bomba na apige upepo kwa mashine ile ile ya kujaza magurudumu, mpaka mshale urudi kwenye kijani. Mtu wa pampu akafanya. Nakutaja hapa ndugu yangu, hata kama ulinipenda. Ulifanya.

Siku ya mazishi yenyewe, kama saa sita mchana, tanka likaja. Mtu wa pampu akazunguka na majivu. "Mama, tanka." Nikatoa karai, akamwaga, akachukua mkia uliokaangwa asubuhi, akarudi upande wake. Nikabaki nikiparua magamba. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kumejaa. Msafara wote ulikuwa unapangwa pale mbele, magari yaking'aa kama meno ya bandia, na mtu wa spika alikuwa anajaribu vyombo. Huyu mtu wa spika ni shemeji yake Jaduong', kaka wa mke. Ni mtu ambaye ukimpa maiki hata chooni atahutubia. Sikuwa namwona, nilisikia tu jenereta inanguruma na sauti yake ikirudi kutoka milimani.

"Testing, testing. Wakwe wapendwa, mtoto wenu anakuja. Testing."

Halafu nikasikia kama mtu mkubwa amepuliza taa. Fuu. Si mlipuko, ni fuu tu, na spika zikanyamaza alipokuwa anarudia neno wapendwa.

Watu wakaanza kukimbia. Dereva wa tanka alifunga valvu kwanza ndipo akakimbia. Huyo namheshimu mpaka leo na sijui hata anatoka wapi. Mafuta yaliyokwisha mwagika chini ndiyo yaliyokuwa yanawaka, si mengi, dimbwi la kulala ng'ombe mmoja. Kama mtu angekuwa na povu, lingefunikwa pale pale, na mimi ningeendelea kuparua samaki wangu.

Lakini Jaduong' alikuwa amevaa suti ya matanga na watu walikuwa wanamwangalia. Nikasikia magurudumu ya ule mtungi yakiburutwa juu ya saruji. Nikasikia mtu wa pampu akipiga kelele, "Mkubwa, hiyo ni maji! Jaduong', ni maji hiyo!" Nikasikia bomba linafunguliwa.

Maji yalipiga lile dimbwi, petroli ikapanda juu ya maji, na maji yakafanya kile maji hufanya, yakatafuta mtaro. Mtaro unatokea kwangu. Niliona moto unakuja kwa miguu yake mwenyewe, chini chini, haraka kama panya, na nilikuwa nimekalia kile kigoda kifupi cha kuparulia, miguu imenyooka mtaroni. Nilijaribu kujizima kwa mikono. Ndiyo maana mikono pia iliungua. Mama muuza nyanya wa kibanda cha jirani alinirukia na magunia aliyokuwa ameyalowesha kufunika mboga, akanibiringisha kama gunia jingine, huku akinitukana kwa Kijaluo nisimame nisisimame. Naandika leo kwa sababu ya hayo magunia.

Gari la zimamoto lilikuja, na wale sitawalaumu, walikuja na povu la kweli. Nilikuwa nimelazwa nyuma ya pikapu nikaliona likimwagwa. Hawakulipiga katikati ya moto. Walilielekeza kwenye ukuta likawa linateleza polepole kushuka, jeupe, zito, mpaka moto ukafunikwa wote, ukanyamaza. Niliwaza, kumbe ndiyo hiyo.

Nilipelekwa hospitali upande wa Migori, na huko sitawapeleka. Yeyote aliyewahi kubadilishwa bandeji ya moto hahitaji kuelezwa, na ambaye hajawahi, Mungu amwache hivyo. Nitasema tu juu ya mama mmoja Mkuria wa kitanda cha pembeni, aliyevunjika nyonga. Alinitazama kwa muda, halafu akauliza kwa upole kabisa:

"Ni wewe ulichoma petroli na jiko?"

"Nani amekwambia?"

"Dada yangu alikuwa kwa hiyo mazishi. Walitangaza."

Ndivyo nilivyojua. Jaduong' alifika Asumbi jioni amechelewa, suti ina masizi, gari moja limepungua, wakwe wamenuna. Marehemu peke yake ndiye aliyemsubiri bila kulalamika. Ilibidi aseme kitu. Wakamtafutia spika nyingine, akasimama mbele ya umati akasema, wakwe wangu, nisameheni, kuna mama mmoja wa samaki ameniwashia jiko karibu na tanka, amenichomea stesheni, lakini nimekuja. Watu wakalia. Wakampigia makofi kwa kuja. Matanga kwetu ni redio. Neno likisemwa kaburini jioni, asubuhi liko Rongo, mchana liko Migori limeshalala kitanda cha pembeni yangu.

Nilipotoka nilianza tena, ng'ambo ya barabara, na mikono hii. Samaki nilipanga, mafuta nilichemsha, na watu walipita. Kuna kitu kibaya kuliko kutukanwa, nacho ni kusalimiwa vizuri na mtu ambaye anakwenda kununua kwa mwingine. Wa bodaboda angalau walikuwa wakweli.

"Mama Petroli, leo unatukaanga ama unatuchoma?"

"Njoo karibu nikuonyeshe."

"Aa, mathe, niko na mafuta kwa tangi."

Wakacheka. Nilicheka pia, ungefanya nini. Lakini samaki wa asubuhi nilikuwa nawarudisha nyumbani, tunawala wenyewe mpaka wanangu wakachukia samaki, watoto wa ziwa. Wanawake wa kanisa waliniambia niungame, moyo utapona. Niungame nini? Nikaenda kwa mtu wa pampu, yeye ndiye aliyemwaga majivu. Nikamwambia, sema tu, kwa mtu mmoja, kwa chifu, kwa yeyote. Akaangalia viatu vyake.

"Mama, stesheni inajengwa upya. Mimi niko na watoto."

"Na hawa wangu ni mbuzi?"

Tangu siku hiyo akiniona alikuwa anapata kazi ya ghafla nyuma ya pampu.

Stesheni ikajengwa. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Watu wa bima walikuwa wamesema hawatampa karatasi yake mpaka wafanyakazi na majirani wafundishwe moto, mbele ya watu. Jaduong' hakuacha watu wakusanyike bure. Akaleta tenti, viti, mchungaji, kwaya, akaifanya siku ya shukrani. Na akamtuma nani aje kunialika? Mtu wa pampu.

"Jaduong' anasema uje. Useme asante kwa Mungu umepona. Mshikane mikono, hiyo maneno iishe."

"Mikono gani?"

Akaangalia viatu. Nilivaa nguo yangu ya kanisa, nikaenda. Samaki sikununua siku hiyo, maana ni nani angewala.

Mwalimu wa moto alikuwa mwanamke mfupi wa Kisumu, mabuti makubwa, sauti kama ya mnada. Nilimpenda saa ile ile. Aliwasha petroli kwenye nusu ya pipa, akamwita mtu wa pampu, akamfundisha kulaza povu polepole kwenye ukuta wa pipa mpaka litambae lenyewe. "Usilichome katikati kama unapika ugali," alisema. "Ukilichoma unarusha petroli." Ikazimika. Watu wakapiga makofi. Akaeleza kwamba hilo ni la mafuta ya kumwagika, lakini mtungi wa gesi ukiwaka mdomoni, usihangaike na povu, kitu cha kwanza ni kufunga valvu ukiweza kuifikia.

"Na kama bibi ndiye amewaka?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Funga mdomo wako," mwalimu akasema. "Ni valvu hiyo."

Hapo kila mtu akawa na furaha, hata mchungaji. Ndipo mwalimu akasema kitu ambacho Jaduong' hakukipanga. Alisema anataka kuona vile moto ule ulivyokuwa, ndipo watu waelewe. Kila mtu aliyekuwepo asimame pale pale aliposimama siku ile, wakati tanka linashusha.

Watu wanapenda sana kuonekana. Walisukumana. Dereva wa msafara hapa, wajomba pale, vijana wa kuosha na matambara yao. Mtu wa pampu akasimama mahali pake. Mimi nikazunguka ukuta, nikainama pale kibanda kilipokuwa, mtaro miguuni. Kutoka pale sikuwaona, na hata mwalimu hakuniona. Alizunguka kunitafuta.

"Mama, ulikuwa mbali hivi?"

"Hivi."

"Na juu ya upepo au chini?"

"Upepo unatoka ziwani mchana. Unatoka huku kwangu kwenda kwao, mvuke wa petroli hauwezi kunijia."

Tukarudi wote wawili mbele, na pale tukamkuta shemeji mtu wa spika. Alikuwa amejiweka pazuri, kifua mbele, ngumi mdomoni kama ameshika maiki, mguu mmoja juu ya mfuniko wa tangi la chini ya ardhi. Ule mfuniko ambapo tanka huunganisha bomba.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini hapo?" mwalimu akauliza.

"Mimi ndiye nilikuwa na mitambo."

"Jenereta ilikuwa wapi?"

"Hapa hapa." Akaonyesha karibu na kiatu chake. "Waya ilikuwa fupi."

Alilisema kwa fahari, ndilo linalonichekesha mpaka leo. Aliona anaeleza shida za kazi. Mwalimu akamtazama, akatazama ule mfuniko, akatazama upande wa ukuta. Nilisikia mama wa nyanya akivuta pumzi.

"Tuombe," Jaduong' akasema.

Mchungaji akaomba, na akaomba sana, akipitia Israeli yote. Alipomaliza Jaduong' alikuwa ameshatabasamu tena. Akachukua maiki, akasema yaliyopita yamepita, na sasa mama yetu atatoa neno la shukrani. Akanishikisha. Nadhani alifikiri mtu aliyeacha shule darasa la tano akipewa maiki hulia.

Nikasema namshukuru Mungu na magunia. Halafu nikasema dawa ya povu ilikwisha kwa kuosha magari ya matanga, na aliyeamuru ni huyu hapa Jaduong'. Mtungi ulijazwa maji, aliyeamuru ni huyu. Aliyemwaga hayo maji juu ya petroli mpaka ikanifikia ni huyu, akiwa na suti, baada ya kuambiwa ni maji. Aliyewasha jenereta kwenye mdomo wa tangi ni shemeji yake, ametuonyesha mwenyewe, na tunamshukuru.

"Mama, imetosha," Jaduong' akasema kwa sauti ya chini.

"Bado moja." Nikamgeukia mtu wa pampu. Alikuwa bado amesimama mahali pake pa siku ile, kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke. "Jiko langu nilizima ama sikuzima?"

Akaangalia viatu. Vilikuwa viatu vipya, vya stesheni, vyenye chuma mbele. Akamwangalia Jaduong'. Mimi sikumsaidia, nilimwacha na hao wawili, viatu na Jaduong'.

"Lilizimwa," akasema.

"Sema wasikie."

"Lilizimwa. Ni mimi nilimwaga majivu. Na maji kwa mtungi ni mimi nilijaza, nilitumwa."

Jaduong' hakuniomba msamaha, wala shemeji yake, ambaye nasikia anaendelea kueleza watu kwamba kama angekuwa na waya mrefu mambo yangekuwa sawa. Mtu wa pampu alivua vile viatu kabla wiki haijaisha, sasa yuko Rongo kwenye stesheni ya mtu mwingine. Sijamsamehe vizuri, lakini nikisafiri upande ule nampelekea samaki mzima, si mkia.

Jioni ile ya shukrani, kwaya ilipokuwa inakusanya ngoma zake, wanawake walivuka barabara wakaja kibandani kwangu. Mama wa nyanya, wa kanisa wawili watatu, hata mwendesha boda yule wa matusi, amejificha nyuma yao. Walisimama pale na sahani wakiniangalia.

"Tumekuja kununua," mmoja akasema.

Na mimi sina hata samaki mmoja, nimesimama na nguo ya kanisa mbele ya jiko baridi. Nikawaambia warudi kesho, na waje mapema, kwa sababu samaki wataisha.